Nyumba na Mali Iliyoinunua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi Waislamu! Mcheni Mwenyezi Mungu, na jueni ya kuwa nyumba ni katika neema zake kubwa. Ndimo tunamosujudu usiku, ndimo tunamolea watoto, na ndimo tunamotolewa kwenda kaburini. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa mja ataulizwa Siku ya Kiyama juu ya mali yake: aliichuma wapi, na aliitumia katika nini.

Ndugu zangu, leo wako vijana wetu waliopata fedha kwa kununua na kuuza sarafu za mtandao, mfano wa Bitcoin iliyoanza mwaka 2009. Kijana humjia mzazi wake kwa furaha, akasema: "Baba, Mungu amenifungulia, nataka kukununulia nyumba." Mzazi asikimbilie kumlaumu mwanawe, wala asikimbilie kupokea ufunguo. Amkalishe, amwulize kwa upole.

Wanavyuoni wamekhitilafiana katika jambo hili. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Mufti wa Misri alitangaza kuwa biashara ya Bitcoin haifai, kwa sababu ya hatari na udanganyifu uliomo. Wanavyuoni wa Indonesia, Novemba 2021, waliharamisha kuzitumia sarafu hizo kama fedha, wakaruhusu kuuzwa zile tu zenye kitu cha kuzitegemeza na manufaa yaliyo wazi. Wako na wengine wanaoziona kuwa ni mali kama mali nyingine, maadamu hapana kamari wala riba. Basi mwenye shaka na amwendee mwanachuoni amwaminiye, amweleze kweli yote, wala asitafute fatwa ya kumpendeza.

Lakini yako mambo yasiyo na khitilafu. Mwezi Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika zaidi ya dola 68,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Mwenye kuingia humo kwa kubahatisha tu, kama atupaye kete, na aikumbuke Suratul Maida ilivyokataza kamari. Na mwenye kuwavuta jirani zake katika upatu uliovishwa jina la sarafu, akala fedha zao, huyo hana faida, ana deni. Na azirejeshe kwa wenyewe. Nyumba iliyonunuliwa kwa machozi ya watu haitakasiki kwa khitima wala kwa ubani.

Na ambaye chumo lake limesalimika, asisahau haki zilizomo. Alipe madeni yake. Ikiwa mali imefika nisabu, nayo ni thamani ya kiasi cha gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka, atoe zaka: shilingi 25 katika kila 1,000.

Kisha anunue kwa njia iliyo safi. Bei itajwe kwa kiasi kinachojulikana, iandikwe, na mashahidi wawepo. Maana sarafu ibadilikayo asubuhi na jioni huzua ugomvi kati ya muuzaji na mnunuzi. Wala asiweke sarafu zake rehani akakopa kwa riba ili aharakishe kuhamia. Bei ikishuka, mkopeshaji huziuza, na deni huweza kubaki. Afadhali chumba kimoja cha kupanga chenye utulivu kuliko ghorofa yenye vita na Mwenyezi Mungu.

Enyi wazazi, msiwahimize watoto wenu kuleta nyumba bila ya kuwauliza habari za njia. Enyi vijana, radhi za wazazi hazinunuliwi kwa haramu.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali yenye kutosha, utuepushe na haramu hata ikiwa nyingi. Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwangu na kwenu. Nanyi mwombeni msamaha. Hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa rehema.