Nani amepima maji ya Kimemi?

Ndugu zetu wa Butembo, na ninyi mliofika kutoka Beni!

Kila siku tunalia juu ya bidoni tupu. Leo tuseme juu ya maji tunayomwaga. Ya sabuni, ya soko, ya choo, yote yanateremka mpaka Kimemi, na kule chini kuko mama anafua.

Askwar Hilonga, mwanakemia wa Tanzania, alitengeneza chujio la mchanga na nano kule Arusha. Mwaka 2015 Royal Academy of Engineering ya Uingereza ikamtunuku pauni 25,000. Lakini chujio lake linapangwa kufuatana na uchafu wa maji ya pahali. Maana yake anapima kwanza. Hapa kwetu nani amepima?

Kuko pia membrani: ngozi nyembamba yenye vitundu vidogo kupita mikrobu ya kolera. Maji yanapita, mikrobu inabaki. Ni kitu kizuri, ila inaomba pampu, umeme, na kusafishwa kila mara, bila hiyo inaziba. Anayetuahidi mashine bila kusema nani atalipa umeme anatafuta kura tu.

Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, ndoo za klore zilijaa milangoni. Ziko wapi leo?

Tunaomba mameya wote wawili: mito ipimwe, matokeo yabandikwe mlangoni pa meri. Wenye lisansi ya kemia tuko nao humu, washomeri kama sisi.

Jumatatu saa tatu tunapeleka barua. Kila mmoja alete chupa ya maji ya mto wa kartie yake.