Mluzi Ghalani: Mhadhara Kuhusu Motisha Kazini



Jioni hii nilikusudia kuzungumzia jambo jingine. Aliyenibadilisha nia ni mwenzangu mmoja wa uchumi, ambaye yumo humu ukumbini na ameahidi hatakasirika. Tukiwa kwenye chai alitamka kwamba mfanyakazi wa nchi maskini hana motisha ila bahasha. Habari za utu na heshima, alisema, ni anasa ya walioshiba. Hata lugha inaelekea kumuunga mkono. Mtumishi akiuliza siku hizi, "Kuna motisha?" anaulizia posho.

Niende kwa babu wa hoja hii, Frederick Taylor, aliyetoa kitabu chake cha usimamizi wa kisayansi mwaka 1911. Humo anasimulia habari za mchukuzi wa chuma wa Bethlehem Steel, Marekani, anayemwita Schmidt. Wachukuzi pale walikuwa wakipakia tani 12.5 kwa siku kwa ujira wa dola 1.15. Schmidt akaahidiwa dola 1.85, akapakia tani 47.5. Basi, husema wanaoamini bahasha, mjadala umekwisha.

Umekwisha wapi? Pigeni hesabu. Kazi imekaribia mara nne, ujira haukufika hata mara mbili. Tena Taylor mwenyewe anakiri kwamba katika kikosi cha watu 75, ni kama mmoja katika kila wanane aliyekuwa na mwili wa kuimudu kasi ile. Kumbe kilichofanyika ni kuchagua wenye misuli na kuwaacha wengine, kisha pesa ikapewa sifa zote. Mtu wa kazi hiyo Taylor anamfananisha na ng'ombe, bila haya. Na mwaka 1974 watafiti Wrege na Perroni walipofukua kumbukumbu, walionyesha kwamba kisa chenyewe kilitiwa chumvi nyingi. Juu ya kisa hicho tumejengewa karne nzima ya semina.

Mimi nina andiko langu nilipendalo, na wanafunzi wangu wamekwisha kunichoka nalo: Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kiburi, kupenda makuu, dharau na uonevu. Naomba mtazame lilikokwenda neno hilo. Liliandikwa na chama, likadakwa na watu wa viwandani. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata, wafanyakazi wa Dar es Salaam waliweka zana chini mara kwa mara, na katika migogoro mingi malalamiko hayakuwa ya mshahara. Yalikuwa ya meneja anayetukana. Mwaka 1973, wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia mwenye kiwanda nje, wakaendelea kuzalisha wenyewe. Nani aliwapa motisha siku hiyo? Wapo wanaosema Mwongozo uliwavimbisha watu vichwa, na serikali yenyewe iliishia kuwabana waliojaribu kufuata njia ile. Sawa. Ila mtu aliyevimba kichwa haendelei na zamu.

Nami nina ghala langu. Nikiwa mwanafunzi, likizo moja nilipata kibarua cha kuhesabu magunia. Meneja, kijana asiyefika miaka thelathini, aliwaita wachukuzi kwa mluzi. Mmoja wao alikuwa mzee wa kuweza kumzaa. Magunia yakawa yanatembea kama yana homa. Mgomo baridi, hakuna aliyetamka neno. Meneja akaongeza malipo kwa kila gunia. Wiki ya kwanza daftari langu lilipanda kidogo, ya pili likarudi palepale. Kisha akahamishwa, akaja mwingine, bahili kupindukia, aliyeanza kwa kukata malipo ya saa za ziada. Watu walimlaani hadharani. Lakini kila asubuhi alimwendea yule mzee, akamwambia shikamoo, akamuuliza waanze na lori lipi. Lori likawa tupu kabla ya alasiri.

Najua mwenzangu atasema nini: ghala moja si utafiti. Hilo namkubalia. Namkubalia pia kwamba mshahara ukichelewa miezi miwili, shikamoo haichemshi chungu, na meneja anayeamkia watu ili asiwalipe ni tapeli mwenye adabu. Nimeipima hoja yake kwa uzito wote huo, na bado siamini kama pesa inaweza kununua kilichokwisha kuuawa na dharau. Inanunua mahudhurio.

Siku yangu ya mwisho nilimuuliza mzee mbona anamchapia kazi bahili aliyemkatia malipo. Akaniangalia kama mtu asiyejua kuhesabu. "Huyu tunagombana naye," akasema. "Yule wa mluzi ungegombana naye vipi?"