Vifuko vya Kupasha Mikono

Wenzetu wa Mombasa na Lodwar watuwie radhi, kwa maana neno letu la leo ni juu ya baridi.

Mwezi wa saba hauna huruma na watu wa Limuru, Kinangop na Molo. Huko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, jua laweza kukosa kuonekana kutwa nzima. Mchuma chai hushika majani yenye umande tangu alfajiri. Mama wa mboga hupanga sukuma wiki iliyolowa maji. Mlinzi wa usiku hutia mikono makwapani akingoja kuche. Baridi huanzia vidoleni, kwa kuwa mwili ukizidiwa huirudisha damu ndani ili kuulinda moyo, mikono ikaachwa ijitegemee.

Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, amtaja mtu amwonaye ndugu hana nguo wala chakula, akamwaga kwa maneno mema ya kumtakia joto na shibe, kisha akaenda zake. Sisi watu wa kanisa twamjua mtu huyo. Twaweza kuwaombea wazee wetu sala ndefu wakati wa baridi, na sala hiyo ikawa ndiyo blanketi pekee waliyoipata. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya sindano na uzi.

Tafuta kitambaa cha pamba: shuka kuukuu, au mabaki kwa fundi wa cherehani. Kama huna hakika ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni huyeyuka ikawa tone gumu, na hiyo haifai. Kata vipande viwili, upana sentimita 12 na urefu sentimita 18. Shona pande tatu, ukiacha sentimita 1 ya mshono, kisha geuza. Pinda mdomo usichakae, utie vifungo viwili na vitanzi vyake mahali ambapo mdomo utakunjwa mara mbili. Shona viwili, kwa kuwa mikono ni miwili.

Ndani tia mahindi makavu. Robo kilo yatosha vifuko vyote viwili, vikiwa nusu tu, ili viweze kukunjika kiganjani. Mtu atauliza kama ni haki kufungia chakula mfukoni ilhali jirani ana njaa. Ni swali zuri. Mahindi yaliyotobolewa na wadudu yafaa kabisa kwa kazi hii, na hayohayo hutumika siku nyingi. Lakini yenye kuvu yatupwe, wala asipewe hata kuku.

Wengine hupasha kifuko kizima. Sisi twaona ni salama zaidi kupasha mahindi peke yake, kitambaa kisikaribie moto. Ukisha kupika, makaa yakiwa yamefifia, yamimine mahindi kwenye sufuria kavu na uyageuze kwa mwiko dakika chache. Ukisikia harufu ya bisi, umepita kiasi. Yaache yapoe kidogo, uyajaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, ndipo uyamimine kifukoni na kufunga vifungo. Kitambaa kikichafuka, mwaga mahindi, ufue, uanike. Mtoto mchanga asiwekewe kifuko, na mgonjwa wa sukari aliyepoteza hisia mikononi ajaribiwe joto na mtu mwingine.

Lakini kinachotusukuma kunena si vidole tu. Kila msimu wa baridi wako watu katika nchi yetu wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, na asubuhi hawaamki. Moshi huonekana; utakohoa na kufungua dirisha. Makaa yaliyokolea, yasiyo na moshi wowote, ndiyo yanayodanganya. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu kupita mara 200 ya oksijeni. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, naye yafaa atoke nje mara moja. Aliyelala hana habari.

Hatusemi kifuko cha mahindi chaweza kupasha nyumba joto. Hakiwezi. Lakini mzee aliyepewa vifuko viwili vilivyopashwa nje barazani, vikatangulizwa chini ya blanketi kabla hajalala, atakubali kwa urahisi zaidi kwamba jiko lilale nje.

Dorkasi wa Yafa, ambaye habari zake ziko katika Matendo sura ya 9, hakuandikiwa hotuba hata moja. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Na akina baba wasijifiche nyuma ya jina la Dorkasi, maana Paulo naye alikuwa mshona mahema.

Basi wiki hii, vikundi vya akina mama na vijana vikikutana, aletaye vitambaa alete, mwenye mahindi alete. Hesabuni wajane na wazee wanaoishi peke yao karibu na kanisa, mshone jozi moja kwa kila mtu. Msizitume kwa mkono wa mtoto. Nendeni wenyewe, jioni, wakati jiko linawaka, mkaangalie limewekwa wapi. Mkilikuta chumbani, msaidieni mzee kulitoa. Shikeni kwa kitambaa, kwa kuwa litakuwa bado lina moto.