Raba za Pikipiki za Zamani: Zipi Zichongwe, Zipi Zisiguswe



Pikipiki kuukuu hukwama mara nyingi kwa kukosa raba ambazo hazitengenezwi tena, ilhali injini ingali nzima. Raba ya kukanyagia, au ile inayozuia tangi lisitikisike, yaweza kuchongwa kutokana na tairi bovu. Lakini mpira wa tairi na wa tyubu huvimba na kulainika uguswapo na petroli. Usitumike kwenye kabureta wala njia ya mafuta. Hapo tafuteni mpira wa nitrili, unaoistahimili petroli. Raba iungayo kabureta na injini ikipasuka, hewa hupenya na injini huchemka kupita kiasi. Ama raba za breki za mafuta, zisichongwe kamwe: heri chombo kilale kuliko kumpoteza mwendeshaji.