Lita, Kilo na Ratili



Wahitimu wa fani ya matengenezo ya ndege, risala yenu nimeisikia. Mnatamani anga letu lijae ndege zinazokula mafuta kidogo. Hilo ni jema, ila mmelisema kana kwamba ni kazi ya mabingwa wanaounda ndege Toulouse na Seattle, ninyi mkabaki wa kungoja. Ndipo nisipokubaliana nanyi.

Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada, mpya kabisa, ilikuwa inaondoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Geji zake za mafuta zilikuwa zimekufa, hivyo mafuta yakapimwa kwa vijiti vilivyo chini ya mabawa. Yakaonekana yamo lita 7,682. Safari ilidai kilo 22,300. Mafuta tunayanunua kwa lita, lakini ndege huyabeba kwa uzito, kwa hiyo lazima hesabu ipigwe. Wahusika wakazidisha kwa 1.77, namba waliyoizoea. Namba hiyo humpa mtu ratili! Ya kilo ni takriban 0.8, na ile 767 ndiyo iliyokuwa aina ya kwanza ya ndege katika shirika hilo kupimiwa mafuta kwa kilo. Walihitaji kuongeza lita zaidi ya 20,000. Wakaongeza 4,916. Hesabu ilirudiwa, ila kwa namba ileile, nayo ikajibu vilevile.

Injini moja ilizimika angani, kisha ya pili. Nahodha Robert Pearson alikuwa mzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, na msaidizi wake, Maurice Quintal, alikuwa amewahi kutumikia jeshi la anga huko Gimli. Wakaielekeza huko, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi, ambako siku hiyo watu walikuwa wakishindana kwa magari. Wote 69 waliokuwemo walitoka hai.

Kisa hiki husimuliwa kuwasifu marubani, na sifa wanastahili. Mimi nakitazama kwa jicho la bili ya mafuta. Rubani asiyeiamini geji hufanya nini? Huagiza tani moja zaidi, ili moyo utulie. Simlaumu. Lakini tani hiyo haisafiri bure: katika safari ndefu, kila saa huunguza takriban asilimia 3 ya uzito wake kwa kubebwa tu. Ndani ya saa nane karibu robo tani imekwisha, na hakuna abiria aliyefaidika nayo. Kila kilo iliyoungua imetoa zaidi ya kilo 3 za hewa ya ukaa, kwa sababu kaboni yake imejishikiza na oksijeni ya angani. Fundi anayeitengeneza geji ikaaminika ameokoa mafuta, hata kama jina lake halitaandikwa popote.

Na geji huharibiwa na nini? Hapa pwani, jibu mnalijua: maji. Mafuta ya Jet A-1 ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Unyevu wa hewa yetu huingia tangini, hugeuka matone, hutulia chini. Mahali maji na mafuta yanapokutana huota ukungu, utando wa kahawia unaoteleza, unaokula metali na kuvichanganya akili vipimo. Kule juu kwenye baridi maji hayohayo huwa barafu. Januari 2008, Boeing 777 ya British Airways iliyotoka Beijing iliishiwa nguvu ikikaribia Heathrow, kwa sababu barafu iliziba njia ya mafuta, ikaanguka kabla ya kufika barabara ya kutulia. Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana mlifundishwa kukinga chupa chini ya bawa na kuyatazama yaliyotoka. Wengi wenu mliichukia kazi hiyo, nasikia.

Sisemi mashine si kitu. Mwaka 1952 ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, ilitoka London kwenda Johannesburg ikiwa na viti 36, ikajaza mafuta njiani mara tano, Entebbe ikiwemo. Leo mamia ya watu huruka njia hiyo bila kutua. Injini za sasa husukuma hewa nyingi kwa mwendo wa taratibu, na ile ya Airbus A220 ina gia inayoiwezesha feni kuzunguka polepole kuliko tabo inayoiendesha. Ni ufundi wa kuvutia. Lakini mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kusimamisha baadhi ya A220 zake kwa matatizo ya injini hizohizo. Injini yenye ubahili wa mafuta hudai mafundi wengi, si wachache, na hapo ndipo mnapopata kazi.

Wale mnaoripoti kazini Jumatatu, kabla hamjashika spana ombeni daftari la kasoro zilizoahirishwa. Tazameni ni geji ngapi za mafuta zimeandikwa humo, na zimo tangu lini.

Mkuu wa Chuo, majina yaanze kuitwa.