Mwandishi wa Mashinani na Deni Letu Kwake
(Hotuba kwa waumini na wapenda haki, Katito)



Nimeombwa nizungumze juu ya mwandishi wa habari anayefichua maovu mashinani. Basi na tumkumbuke Francis Nyaruri, jirani yetu wa Nyamira, aliyeliandikia gazeti la Weekly Citizen kwa jina la Mong'are Mokua.

Nyaruri aliandika juu ya tuhuma za ufisadi katika idara ya polisi ya kwao, zikiwamo zilizohusu ujenzi wa nyumba za askari. Aliwaambia wenzake kwamba anatishwa. Tarehe 15 Januari 2009 aliondoka nyumbani, asirudi tena. Tarehe 29 mwezi huo mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, upande wa Oyugis. Barabara hii ipitayo hapa kwetu kwenda Sondu na Kisii ndiyo ielekeayo huko. Watu walishtakiwa, na kesi ikavutwa miaka mingi mahakamani.

Ndugu zangu, mwandishi wa Nairobi amwandikaye mkubwa hakutani naye sokoni. Wa mashinani hununua sukari katika duka moja na yule aliyemwandika. Jina la kupanga halimfichi, maana kijiji kizima kimemwona akiuliza maswali. Wengi wao hawana mshahara. Hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Hata hivyo, ni yeye awezaye kujua kama saruji iliyolipiwa kwa kodi yetu ilifika au haikufika.

Kanisa si geni katika kazi hii. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alikuwa mhariri wa magazeti ya Kikristo, Target na Lengo, kabla ya kuwa askofu. Mwaka 1988 jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipigwa marufuku baada ya kufichua udanganyifu katika uchaguzi wa mlolongo. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akafikishwa mahakamani. Mwaka 1990 Askofu Okullu alidai vyama vingi hadharani, wakati kusema hivyo kulikuwa hatari.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi tuliamini kwamba kalamu imekombolewa. Nyaruri aliuawa miaka 17 baadaye, katika nchi yenye vyama vingi. Kura tulikuwa nazo, lakini kura hazikumlinda.

Leo tuna Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 imeeleza njia ya kuziomba. Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwanza, zahanati au barabara yetu isipokamilika, watu kumi au ishirini wa ushirika mmoja watie sahihi barua ya kuomba hati za mkataba. Waulizao wakiwa wengi, ni vigumu kumwinda mmoja.

Pili, mwenye ushahidi asimnong'onezee mwandishi usiku kisha amkane mchana. Asimame na neno lake.

Tatu, mwandishi akitishwa, habari hiyo itangazwe kanisani mapema, na mchungaji afuatane naye kupiga ripoti. Atishaye akiwa polisi, malalamiko yapelekwe kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tusisubiri mazishi ndipo tutoe rambirambi.

Kaini alipoulizwa ndugu yake yuko wapi, alijitia hajui. Sisi tunajua waandishi wetu ni akina nani na wanakaa wapi. Tukiulizwa, hatutakuwa na udhuru.