Cheni Waliyoinunia

Mwaka 2021 Honda walitangaza NT1100, pikipiki ya safari ndefu yenye injini ya CC 1,084, kwa soko la Ulaya. Nilidhani mazungumzo yatakuwa ya kioo cha kukinga upepo au gia zinazojibadilisha. Wapi! Wapo walionuna kwa sababu ya cheni. Wamezoea shafti ya ST1300, pikipiki nyingine ya Honda ya safari ndefu; shafti haidai kupakwa oili kila mara.

Waje Moshi wakati wa masika. Kijana wa bodaboda anashuka kutoka Uru na Boxer yake, abiria mmoja, mikungu miwili ya ndizi, cheni imejaa tope jekundu. Kijiweni anatoa mswaki mkuukuu, anaisugua kwa dizeli, anadondoshea oili, anavuta gurudumu la nyuma kidogo, anakaza nati, huyo kaondoka. Cheni ikikatika, spea ipo dukani. NT1100 ingekuwa na shafti, ikagoma huko juu migombani, kilo zake 238 angezisukuma nani?

Hata hivyo ni chombo kizuri, sikatai. Jana nilimwonyesha fundi wangu picha yake. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza mkungu utafungwa wapi.